Je, serikali ichangie nauli ya teksi mtandao kwa watu wa kipato cha chini?

Fundi wa Chanika

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nina swali ambalo limenikaa moyoni kwa miezi kadhaa, na ninaomba mnisaidie kulitafakari, hasa ninyi mnaofahamu mambo ya uchumi, usafirishaji na afya.

Mama yangu anaumwa figo. Mara tatu kwa wiki tunatoka Chanika kwenda hospitali iliyopo katikati ya jiji la Dar es Salaam ili asafishwe damu, na kila anapokwenda hukaa kwenye mashine kwa muda wa saa nne hivi. Asubuhi tunapanda daladala bila tabu kubwa, kwa kuwa tunapandia kituo cha mwanzo na anapata kiti. Kazi ni kurudi. Akitoka kwenye mashine huwa ameishiwa nguvu, presha imeshuka, miguu haimbebi, na mara mbili ameanguka kituoni tulipokuwa tunagombania mlango wa gari saa ambayo watu wanatoka kazini. Tangu siku ile ya pili niliacha kumrudisha kwa daladala. Ninaita teksi mtandao, na ikiwa fedha imepungua ninaita bajaji, ingawa barabara ni ndefu na mitikisiko inamwumiza.

Mimi ni fundi cherehani, ninashona sare za shule. Mwezi ambao si wa kufungua shule, nauli ya kumrudisha mama peke yake inameza zaidi ya nusu ya ninachopata. Bima yake inalipia mashine, lakini hailipii gari la kumrudisha nyumbani kutoka kwenye mashine hiyo, na wako wagonjwa tuliokuwa tukionana nao kila zamu ambao wameanza kuja mara mbili badala ya tatu kwa sababu ya nauli tu. Kila mtu wa kitengo kile anajua maana ya kuruka siku.

Serikali imewahi kutoa ruzuku ya mbolea na ruzuku ya mafuta. Je, ni makosa kufikiri kwamba ingeweza pia kumchangia mtu wa kipato cha chini sehemu ya nauli ya teksi mtandao, pale ambapo daladala haiwezi kumsaidia? Na kama si makosa, ifanyweje ili isiliwe na wasiohusika?

Mzee wa Makole

Binti yangu, pole sana kwa kuuguza. Mungu amjalie mama nafuu. Nitakujibu kwa uwazi kwa sababu umeuliza kwa uwazi, na naomba usilichukue jibu langu kama ukosefu wa huruma.

Nimefanya kazi ya mipango na bajeti kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na ruzuku ninayoiogopa kuliko zote ni ile isiyo na mwisho unaoonekana tangu mwanzo. Basi lina tabia moja ambayo watu huisahau: ukishalinunua, ukalitia mafuta na ukamlipa dereva, abiria wa hamsini haongezi gharama yoyote ya maana juu ya abiria wa kumi. Gari dogo lina tabia ya kinyume, kwamba kila abiria mpya ni safari mpya, na kila safari mpya ni fedha mpya. Kwa hiyo mpango wa kuchangia nauli ya gari dogo ukifanikiwa na kupendwa, mafanikio yenyewe ndiyo yanayoumaliza.

Hilo si la kubuni. Mji mdogo wa Innisfil, katika jimbo la Ontario nchini Kanada, uliamua mwaka 2017 kwamba badala ya kuanzisha mabasi utaingia mkataba na kampuni ya teksi mtandao ya Uber na kuwalipia wakazi sehemu ya nauli. Abiria alilipa kati ya dola 3 na 5 za Kanada kwenda maeneo maalumu, na mji ukalipa kilichobaki. Watu waliupenda mpango, wakautumia, gharama zikapanda mwaka hadi mwaka, na ilipofika Aprili 2019 mji ukalazimika kuongeza nauli kwa dola 1 na kuweka kikomo cha safari 30 kwa mwezi. Huo ulikuwa mji wa watu wasiofika hata 40,000. Sensa yetu ya mwaka 2022 iliihesabia Dar es Salaam watu zaidi ya 5,300,000.

Kuhusu ruzuku ya mafuta uliyoitaja, ni kweli kwamba kuanzia Juni 2022 serikali ilitenga Sh bilioni 100 kwa mwezi ili kupunguza makali ya bei. Ilisaidia nauli zisipande zaidi, sikatai. Lakini ruzuku iliyomo ndani ya lita humfuata anayenunua lita nyingi, na mwenye gari kubwa alipata sehemu kubwa kuliko mama aliyesimama kwenye daladala. Ningekuwa na neno katika bajeti, kila shilingi ya usafiri ningeipeleka kwenye mabasi na kwenye barabara ya mwendokasi ya kwenda Gongo la Mboto, ambako wewe na maelfu ya majirani zako mngepita.

Dereva wa Tabata

Nawasalimu wote. Mimi ni dereva wa teksi mtandao, na gari si langu, nina bosi ninayempelekea hesabu kila siku. Nataka nizungumze kwa upande wa mtu ambaye fedha hiyo ya ruzuku, kama ingekuwepo, ingepitia mkononi mwake.

Jambo la kwanza ni kamisheni. Mwaka 2022 LATRA, mamlaka ya serikali inayodhibiti usafiri wa ardhini, iliweka kikomo cha asilimia 15 kwa kamisheni inayokatwa na kampuni za teksi mtandao. Uber ikasimamisha huduma zake nchini mwezi Aprili mwaka huo, na Bolt nayo baadaye ikabakiza wateja wa makampuni tu. Mwanzoni mwa 2023 kikomo kikapandishwa hadi asilimia 25, pamoja na asilimia 3 ya ada ya kuita gari, na Uber ikarudi. Nakumbuka miezi ile vizuri, kwa sababu bosi hakusimamisha hesabu hata siku moja. Ninachotaka muone ni kwamba serikali ikilipa nauli kupitia kwenye programu hizi, katika kila Sh 1,000 ya mlipakodi sehemu inaweza kukatwa kabla haijamfikia aliyeshika usukani, na kama haiwezi kukubaliana na kampuni kuhusu makato, haiwezi pia kuahidi kwamba huduma itakuwepo mwezi ujao.

Jambo la pili nalisema nikiwa na uchungu, kwa sababu kabla ya teksi nilikuwa kondakta. Tayari tunayo ruzuku ya usafiri mjini, ila hatuiiti hivyo. Mwanafunzi analipa Sh 200. Ni jambo jema kabisa, na mwanangu mwenyewe anafaidika nalo, lakini serikali haijamlipa mwenye gari tofauti iliyobaki. Imeamuru tu. Matokeo yake mnayaona kila alfajiri: watoto wamesimama kituoni na madaftari yao, gari linasimama mbele kidogo ili wasilifikie, kondakta anasema wawili tu. Nilikuwa nikifanya hivyo. Nilikuwa na hesabu ya kupeleka, na kila kiti alichokalia mwanafunzi kilinisogeza mbali na hesabu hiyo. Sijivunii, lakini nataka anayepanga mambo haya ajue kwamba nafuu isiyolipiwa humgeuza anayesaidiwa kuwa mtu wa kukimbiwa.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, ichangie, kwa sharti moja: dereva alipwe siku hiyo hiyo. Nimewahi kubeba wafanyakazi wa taasisi moja kwa mkataba, na malipo yakakaa zaidi ya miezi mitatu. Nikiambiwa kwamba huyu ni mgonjwa wa serikali, fedha yako itakuja, nitamwonea huruma, kisha nitatafuta sababu ya kutokwenda.

Muuguzi Shinyanga

Nimewasoma wote watatu kwa makini, na ninashangaa kidogo kwamba mnalijadili jambo hili kana kwamba halijawahi kufanyika nchini. Linafanyika. Mimi ni muuguzi mkunga mkoani Shinyanga, na nimepokea akina mama walioletwa kwa mpango huo usiku wa manane, wengine wakiwa katika hali ambayo nusu saa zaidi ingekuwa imechelewa.

Mpango unaitwa m-mama. Ulianza kwa majaribio kanda yetu ya Ziwa, Sengerema na hapa Shinyanga, na Aprili 2022 serikali na Vodafone Foundation wakatia saini makubaliano ya kuusambaza nchi nzima. Utaratibu wake ni huu. Mjamzito, mama aliyetoka kujifungua au mtoto mchanga akipata dharura, ndugu au mhudumu wa zahanati anapiga namba 115 bila malipo. Mratibu anayepokea simu anauliza maswali yanayofuatana kwenye mfumo wa kompyuta ili ajue kama kweli ni dharura na kituo gani kinaweza kuihudumia. Gari la wagonjwa likiwa karibu linatumwa hilo. Likiwa halipo, mfumo unamtafuta dereva wa jamii aliye karibu, yaani mtu wa kawaida mwenye gari lake, aliyekwisha kuhakikiwa, kufundishwa na kuandikishwa. Anapewa safari, anambeba mama, na sisi tunaompokea tukithibitisha kwamba amefika, dereva analipwa kwa simu, kwa bei iliyopangwa kulingana na umbali.

Naomba mtazame yaliyomo ndani ya utaratibu huo, kwa sababu yanajibu hoja zenu moja baada ya nyingine. Mzee wa Makole anaogopa safari zisizo na mwisho, na hapa safari haiombwi na abiria tu bali inaidhinishwa na mratibu kwa sababu ya kitabibu, kwa hiyo haiwezi kugeuka kuwa usafiri wa kwenda harusini. Kaka yetu wa Tabata anaogopa deni, na hapa malipo hayasubiri hundi ya halmashauri, yanasubiri uthibitisho wa muuguzi. Na mwenye simu ya kitochi, au asiye na simu kabisa, hakosi gari, kwa kuwa mhudumu au jirani anaweza kumpigia. Hili la mwisho ninalipa uzito mkubwa. Mipango mingi ya kusaidia maskini hudhani kwamba maskini ana simu janja yenye bando, na mama niliyempokea wiki iliyopita hakuwa na simu ya aina yoyote.

Haina maana kwamba kila kitu ni kizuri. Mvua za masika zikikata barabara hakuna mfumo wa kompyuta unaovuka korongo, na madereva wa kujiandikisha hawajai kila kata. Lakini kanuni imekwisha kujulikana kwetu: lipia safari yenye sababu, mlipe dereva palepale, na usimlazimishe mhitaji kumiliki kifaa. Dada Fundi, kwa maoni yangu swali lako ni dogo kuliko ulivyoliandika, na udogo huo ni faida kwako. Huombi ruzuku ya teksi kwa maskini wote. Unaomba kwamba mgonjwa wa figo atazamwe kama mjamzito mwenye dharura anavyotazamwa, kwa sababu naye ana tarehe zinazojulikana, kituo kinachojulikana na muuguzi anayeweza kuthibitisha kwamba alifika.

Mtanga wa Florida

Ninaishi jimbo la Florida, Marekani, karibu na mji wa St. Petersburg, na niseme machache tu kuunga mkono hoja ya Muuguzi. Mamlaka ya mabasi ya kaunti yetu ya Pinellas ilianzisha mwaka 2016 mpango wa kuwabeba wafanyakazi wa kipato cha chini wanaoingia au kutoka kazini usiku, saa ambazo mabasi yamelala. Aliyethibitishwa kipato chake na kazi yake alipewa hadi safari 23 kwa mwezi kwa gari la Uber au teksi ya kawaida, kwa kulipia tiketi ya mwezi ya bei ndogo tu. Mchana alipanda basi kama watu wote.

Nimefanya kazi ya usafi wa usiku na wenzangu waliotumia mpango huo, na najua kilichobadilika kwao. Kabla ya hapo walikuwa wanakataa zamu ya usiku, yenye malipo mazuri zaidi, kwa sababu teksi ya kurudi ingekula tofauti yote. Mji wa Innisfil alioutaja Mzee uliweka magari madogo mahali pa mabasi. Hapa yaliwekwa pale tu ambapo basi halipo. Naona hiyo ni tofauti kubwa.

Bint Kisauni

Hamjambo nyote. Mimi ni wa Mombasa, na nina tahadhari kuhusu bei. Kwetu Kenya kanuni za mwaka 2022 zilizuia kamisheni isizidi asilimia 18, na bado mwaka 2024 madereva wengi wa Nairobi, wakiona bei za kwenye programu hazitoshi hata mafuta, walichapisha orodha yao ya bei na kuwadai abiria kwa hiyo. Siwalaumu, maana mafuta hawapewi bure. Ila fikirieni mgonjwa aliyechangiwa nusu ya bei ya kwenye simu, kisha akaambiwa mlangoni aongeze. Atakuwa na ruzuku mkononi na hana gari. Bei ya safari hizi ikubaliwe mapema na madereva wenyewe, kwa umbali, kama alivyoeleza Muuguzi, wala isiachwe ipande na kushuka kwa saa za msongamano.

Fundi wa Chanika

Ninawashukuru sana. Shikamoo Mzee wa Makole. Nimekuelewa, na sehemu kubwa ya hoja yako ninaikubali. Mwendokasi ikifika Gongo la Mboto na kufanya kazi vizuri, mimi mwenyewe nitaipanda kwa furaha kwenda kununua vitambaa Kariakoo. Lakini naomba uniruhusu nikuulize: kutoka Gongo la Mboto hadi Chanika kunabaki safari nyingine, na mgonjwa ambaye presha yake imeshuka hawezi kusimama kwenye foleni ya kituo hata kama basi ni jipya. Je, kwa watu wa namna hiyo tu, wanaohesabika kwa majina kwenye daftari la kitengo, bado unaona ni ruzuku isiyo na mwisho?

Muuguzi, umenisaidia kuona ninachotaka. Ninaondoa neno "maskini wote" katika swali langu. Asubuhi tutaendelea kupanda daladala. Ninachoomba ni safari ya kurudi, mara tatu kwa wiki, kwa mgonjwa ambaye daktari ameandika kwamba hawezi kurudi kwa daladala na ambaye kaya yake inatambuliwa na serikali ya mtaa, au tayari imo katika mpango wa TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini. Hizo ni safari 13 hivi kwa mwezi kwa mtu mmoja.

Mzee wa Makole

Marahaba, binti yangu. Hapana, hiyo siioni kuwa haina mwisho. Safari 13 kwa mwezi, kwa majina yaliyomo kwenye daftari, ni hesabu ambayo ofisa yeyote wa bajeti anaweza kuifanya asubuhi moja, na hata bima inaweza kuifanya, kwa sababu mgonjwa anayeruka siku zake huishia kulazwa, na kulazwa kuna gharama kubwa kuliko gari. Nilijibu swali pana. Hili jembamba naliunga mkono. Ningeongeza tu kwamba ianzie hospitali moja na kwa mwaka mmoja, na kwamba hesabu zake zibandikwe ukutani ambapo ninyi mnaouguza mnaweza kuzisoma.

Dereva wa Tabata

Dada Fundi, nina swali la kikazi, kwa sababu nimewahi kubeba wagonjwa wa aina hiyo na najua mahali safari inapoharibika. Hakuna anayejua kwa uhakika mgonjwa atatoka saa ngapi. Presha ikishuka anabakizwa apumzike, dereva anasubiri nje, muda wa kusubiri unahesabiwa, na mwishowe nauli inakuwa si ile mliyokubaliana. Je, mama anakuwa peke yake kwenye zamu yake, au kuna wengine wanaotoka saa hiyo hiyo na kuelekea upande wenu? Kwa sababu gari langu linabeba watu wanne, na barabara ya Nyerere ni moja hadi Gongo la Mboto. Wakiwa watatu, nauli ya kila mmoja inakuwa theluthi, na mimi niko radhi kusubiri robo tatu ya saa kwa bei moja iliyokubaliwa, kwa sababu nina uhakika wa gari kujaa.

Fundi wa Chanika

Kaka, miezi yote hii sikuwahi kulifikiria hilo. Tumekuwa tukikaa kwenye benchi moja, kila mmoja ameshika simu yake anaita gari lake.

Leo ilikuwa siku ya zamu, na nimewauliza. Upande wetu tuko wanne: mzee mmoja wa Ukonga, dada mmoja wa Pugu anayekuja na mdogo wake, mama yangu, na baba mmoja wa Chanika ambaye ndiye aliyekuwa ameanza kuja mara mbili kwa wiki. Muuguzi wa zamu amesema anaweza kutupanga tuanze mashine kwa wakati mmoja ili tumalize pamoja, kwa siku zote tatu. Ombi la mchango nitaliandika kama Mzee alivyoelekeza, nilipeleke kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa mheshimiwa diwani, nikiambatanisha majina ya wanne hawa kwa idhini yao. Lakini Jumatatu haitasubiri barua. Wagonjwa ni wanne, nasi tunaowasindikiza tuko wawili tusioweza kuwaacha. Je, unamfahamu dereva mwenzako mwenye gari la viti saba, na angetaka shilingi ngapi kwa safari moja hadi Chanika, pamoja na kusubiri?